Kibao Juu ya Mlango wa Masjala

3 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Kabla hujaenda mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Ukimaliza kusoma, chana karatasi hii vipande vidogo, na vipande hivyo usivitupe mahali pamoja. Usimsomee mtu yeyote, hata huyo unayekaa naye chumba kimoja, hata kama ni mcheshi na mtu wa watu. Maneno haya nimeyaandika mara nne, na mara tatu nimeyachana mwenyewe.

Shikamoo. Huku nyumbani hatujambo. Goti la Baba limevimba tena, lakini anakataa fimbo, anasema mpima ardhi aliyezunguka nchi nzima kwa miguu hawezi kutembea na mti mkononi kama anayefukuza mbuzi. Mama anakusalimu kimoyomoyo. Jina lako bado halitajwi mezani, tangu Baba asikie kwamba unaandamana. Pakiti za nywele ulizotuma zilifika salama, na barua yako msusi alinipa mkononi. Hii nimeificha katikati ya pakiti moja ninayoirudisha kwa yule msafiri wenu, nikilalamika kwamba rangi si niliyoagiza. Msusi anasema nimekuwa mteja mgumu kuliko wote.

Sasa jambo lenyewe. Nilikwambia niko masjala ya pasipoti, lakini sikukueleza kazi ninayofanya. Kila baada ya majuma kadhaa inakuja bahasha ya kaki kutoka ubalozini huko uliko. Ndani zimo picha za watu wanaoandamana siku za Jumamosi. Mimi nalinganisha uso ulio kwenye picha na picha iliyo kwenye faili la pasipoti. Nikimpata mwenyewe, naandika namba ya faili nyuma ya picha kwa penseli, naiweka kwenye trei ya kushoto. Kinachofuata baada ya trei si kazi yangu.

Jumatatu imekuja bahasha nyingine. Safari hii mmejifunika nyuso, skafu na barakoa mpaka machoni. Mkuu wa masjala, ambaye tunamwita Bwana Muhuri kwa sababu hutembea na muhuri wa ofisi mfukoni hata akienda msalani, aliitupa bahasha mezani kwangu akasema, "Nyuso wameficha, mikono hawajaficha. Tazama mabango. Ameandika mtu mmoja haya. Huyo ndiye ninayemtaka."

Nikatazama. KURA ZETU ZIKO WAPI. MWACHIENI WAKILI. Shangazi, zile K! Mguu wake wa chini ukitoka nje ya mstari, kama mtu aliyekwisha kuaga na ameshatanguliza hatua moja. Nilijua kabla sijamaliza kusoma neno la kwanza. Nilijua kwa sababu kila asubuhi napita chini yake. Kibao kilicho juu ya mlango wetu, HAKUNA KUINGIA BILA KIBALI, ulikiandika wewe, enzi ukiwa mchora vibao na nusu ya mji huu inasomeka kwa mkono wako.

Bwana Muhuri naye anapita chini yake kila siku. Hajaona. Bado.

Nakuomba uache. Kama huwezi kuacha kwenda, acha kuandika, au andika vibaya. Yule wakili alishinda uchaguzi, hilo hata watoto wanalijua, na yuko ndani. Bango lako halitafungua ule mlango. Linaweza kufungua wetu.

Mwanao,
anayekuogopea


21 Machi

Mwanangu,

Marahaba sana. Mlango nilifunga. Barua nilichana, ingawa iliniuma kuchana kitu kilichoandikwa vizuri namna ile. Vipande vingine nilivitia kwenye pipa la kazini, vingine mfukoni, na vichache vimefuliwa pamoja na mashuka ya hoteli, kwa hiyo kama kuna mpelelezi humo kwenye mashine, naye ametakata.

Mimi mzima. Bado niko kwenye chumba cha kufulia, chini ya hoteli, wanawake tisa na mashine kumi na mbili. Tunakunja mashuka wawili wawili, mkono kwa mkono, kama tunacheza. Mwenzangu wa chumba anakoroma kama jenereta la hospitali lakini ana roho nzuri. Mwambie baba yako, au usimwambie, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kutembea, na hata wakati ule alikataa kushikwa. Wifi yangu mwambie kusalimu kimoyomoyo ni uvivu. Atoe sauti.

Umenisimulia kibao nikacheka mpaka msimamizi akaja kuangalia. Nilikipaka rangi mara tatu, nikasubiri ikauke siku nzima kati ya kila mkono mmoja na mwingine. Karani mkuu wa wakati ule aliniambia, "Mama, usijisumbue, ni mlango wa ndani tu." Nikamwambia mimi siandiki vibao vya ndani na vya nje. Kumbe nilikuwa nawaandikia ushahidi.

Sasa nisikilize. Jumamosi ya kwanza tulikuwa watu wanne mbele ya geti la ubalozi, na mbwa wa jirani. Mlinzi alituuliza kama tumepotea njia. Jumamosi iliyopita tulikuwa mia mbili na kidogo, mvua inanyesha, na hakuna aliyeuliza kama tumepotea. Wengi wao hawajui mapinduzi wala siasa, ni watu wa kufua, kupika na kulea wazee. Wanakuja kwa sababu walipiga kura wakaambiwa hawakupiga. Ukiwaona walivyosimama, mwanangu, ungejivuna. Mimi najivuna mpaka koti halinitoshi.

Unaniomba niandike vibaya au nisiandike. Sijawahi kuandika herufi mbaya kwa makusudi. Sijui hata mkono unaanzia wapi kufanya hivyo.

Kuna kitu nakuuliza. Tunaye mpishi, kijana mmoja mpole. Mwezi wa kumi na moja, wakati bado hatujajifunika, alisimama mbele kabisa. Mwezi wa kwanza kaka yake huko nyumbani, dereva wa lori, alichukuliwa. Siku kumi na tisa. Ametoka mkono wa kulia haufungi. Mpishi hakumtajia mtu jina lake. Walimjuaje?

Shangazi yako


30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumai mapafu yako hayajambo na hiyo mvua. Mama alitoa sauti. Alisema, "Huyo wifi yangu mdomo wake haujazeeka," halafu akaenda jikoni akakaa sana. Baba alijifanya anatafuta stesheni kwenye redio.

Mambo yamekuwa mabaya. Bwana Muhuri amekuza picha ya bango moja mpaka imekuwa kubwa kama dirisha, ameibandika kwenye ubao wa matangazo. Alituita makarani wote sita akasema, "Angalieni hizi herufi. Nyinyi ni watu wa maandishi. Mtu aliyewahi kuona mwandiko huu popote, dukani, shuleni, hospitalini, aje kwangu." Tarishi wetu, yule mzee wa kubeba mafaili, alisogea karibu, akavaa miwani, akaangalia. Kisha akageuza shingo polepole akauangalia mlango. Akavua miwani akasema, "Macho yangu haya, bwana, siku hizi hata mke wangu namtambua kwa kikohozi." Wote wakacheka. Mimi nilicheka kwa kuchelewa.

Halafu nikarudi mezani, nikachukua faili, na hapo ndipo niliona jambo ambalo ningepaswa kuliona mwanzoni kabisa.

Unakumbuka ulivyonifundisha kuandika? Ulinishika mkono, brashi haina rangi, tukifuata herufi zako juu ya mbao. Shangazi, mimi sina mwandiko wangu. Nina wako. Kwa miaka miwili nimeandika lebo za mafaili humu ndani, rafu baada ya rafu, kutoka sakafuni hadi darini, na kila K ina mguu unaotoka nje ya mstari. Anamtafuta mwandishi wa mabango huku ameegemea rafu zenye mwandiko wenyewe.

Sasa naandika herufi zilizosimama wima kama vijiti. Siku ya tatu Bwana Muhuri akasimama nyuma yangu. "Mbona mwandiko wako umebadilika?" Nikasema mkono unauma. Akasema, "Kaufunge basi." Kwa hiyo nimeufunga bendeji mpaka kwenye kifundo, na bado nimeufunga, hata nyumbani, maana nimewadanganya na Baba na Mama. Baba ananisugulia dawa kila jioni. Mkono mzima, Shangazi. Anausugua mkono mzima.

Nakusihi tena.

Mwanao


8 Juni

Mwanangu,

Barua yako ilichelewa, msafiri alizuiwa uwanja wa ndege kwa ajili ya viatu. Nimeisoma nimesimama.

Kibao changu, hilo lingekuwa tatizo langu. Mkono wako ni jambo lingine. Brashi nimeiweka chini tangu juzi. Mabango sasa wanaandika wengine. Wana moyo safi na mkono wa kuku.

Mimi mzima. Kazi ipo. Mashuka hayaishi.

Kuhusu mpishi hukunijibu. Sitauliza mara ya pili.

Shangazi yako


19 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wazima, nitakueleza siku nyingine. Leo naandikia saluni, nyuma ya pazia, msusi amewasha mashine ya kukaushia nywele ili ionekane nina kazi humu. Sijui kama kesho nitaruhusiwa kuandika, kwa hiyo acha nianze na lile ulilouliza.

Ni mimi. Mpishi nilimpata mimi. Uso wake ulikuwa wazi, anacheka, ana pengo dogo mbele. Ilinichukua dakika tano kulifikia faili lake, na ndani kazi yake imeandikwa mpishi. Niliandika namba kwa penseli, nikafurahi kwamba nimekuwa mwepesi kuliko wenzangu. Sikujua ana kaka dereva. Lakini nilijua trei ya kushoto haipeleki watu kwenye sherehe. Nilijua, nikajiambia kinachofuata si kazi yangu, na hata wewe nilikuandikia hivyo hivyo. Mwambie. Usinifichie.

Sasa ya juzi na leo. Juzi ilikuja bahasha. Picha arobaini na tatu. Kitu cha kwanza nilitafuta mabango, nikaona yameandikwa ovyo, herufi zinaanguka, moja imekosa nafasi ikamalizikia pembeni. Nikapumua. Nikajiambia tumepona. Kisha nikakuona.

Umejifunika mpaka puani, lakini nani angeshindwa kuyajua yale mabega? Umesimama mstari wa mbele na ubao mkubwa mikononi. Ubao mtupu. Mweupe, haujaguswa na brashi. Watu wote wamebeba maneno, wewe mwenye maneno umebeba ubao mtupu, kwa ajili ya mkono wangu uliofungwa bendeji ya uongo.

Sijawahi kuona aibu kama ile. Na chini ya aibu, Shangazi, kulikuwa na kitu kingine, ambacho kilinifanya nikae wima kwenye kiti. Nilijivuna. Nilitaka kumwonyesha karani wa meza ya pili nimwambie, huyu ni dada wa baba yangu.

Leo asubuhi nilifungua bendeji nikaitupa kwenye kapu la takataka. Nikazigeuza picha moja moja. Nyuma ya kila moja nikaandika neno moja, HAJULIKANI, kwa wino, kwa mwandiko wako, mguu wa K nje ya mstari, na chini yake saini yangu. Arobaini na tatu.

Bwana Muhuri alizipitia. "Wote hawajulikani?"

"Wote, bwana."

"Hata huyu wa miwani? Hata huyu mrefu kama nguzo ya simu?"

"Sikuwapata."

"Mkono umepona, naona."

"Umepona, bwana."

Akaangalia neno nililoandika. Akaangalia picha iliyo kwenye ubao wa matangazo. Akaangalia rafu zangu, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akatoka nje. Nikasikia viatu vyake vikisimama pale mlangoni, chini ya kibao, na visiendelee. Hakurudi mezani kwake hadi saa ya kutoka.

Hayo tu ndiyo ninayoyajua. Ukikaa bila kusikia kutoka kwangu, usije ukasema ulikuwa ni ubao wako. Ni penseli yangu.

Mwanao


25 Agosti

Mwanangu, mwanangu,

Siandiki salamu ndefu, maana sijui kama unaisoma wewe au anaisoma mwingine. Kama ni mwingine: ndugu, umepata bahati, leo utasoma barua ya mtu anayejivuna.

Nilimwambia mpishi. Niliona afadhali nimwambie jikoni kwake, akiwa na kitu mikononi. Aliosha kikombe kimoja kwa muda ambao watu huoshea sufuria ishirini. Akauliza, "Arobaini na tatu, na hakuandika namba hata moja?" Nikamwambia hata moja. Akasema, "Shangazi, leo siwezi kumsamehe. Usinilazimishe." Nikasema silazimishi. Akakifuta kikombe, akakiweka kabatini, akasema, "Lakini ukirudi kwenye brashi, andika bango refu. Litahitaji mtu wa kushika upande wa pili."

Mimi nimeandika vibao maisha yangu yote. Maduka, zahanati, shule, makaburi. Hakuna neno langu lililowahi kusimama kama lile lako moja nyuma ya picha. Nilikushika mkono ukiwa mdogo nikidhani nakufundisha umbo.

Uko wapi? Msusi anasema hajakuona. Niandikie hata neno moja.

Shangazi yako, ambaye halali


2 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Niko hai, niko huru, na nina kiti cha kukalia, ingawa kina miguu mitatu na matofali.

Siku iliyofuata Bwana Muhuri alifika kabla yetu sote. Akamwita tarishi, mbele yangu, mlango umefungwa. "Kibao cha juu ya mlango kiliwekwa lini?"

"Kabla hujaja, bwana," tarishi akasema kwa adabu zote. "Umepita chini yake miaka kumi na moja."

Nilimwona akipiga hesabu usoni. Akipeleka habari juu kwamba mwandishi amejulikana, wataleta watu, watasoma mlango, watasoma rafu, na watauliza mkuu wa masjala alikuwa anatazama wapi miaka yote hiyo. Sikuwahi kufikiri kwamba na yeye anaogopa. Anaogopa kuliko mimi, maana ana ngazi ndefu ya kuanguka. Akakaa, akachukua fomu ya taarifa, akaandika, na karatasi nikaiona kwa macho yangu: Mwandishi hajulikani. Akapiga muhuri. Kisha akasema bila kuniangalia, "Kishusheni kile kibao kichomwe. Na wewe utahamishwa. Kwa ajili ya afya ya mkono wako." Lebo zangu zote wamewapa makarani watano waziandike upya. Tarishi anasema wananilaani kwa majina.

Kibao hakikuchomwa. Tarishi alikitoa kwa mlango wa nyuma kimefungwa kwa magazeti, akanipa, akasema, "Binti, mimi macho yangu mabovu, sijui hiki ni nini."

Nilikipeleka nyumbani nikijua Baba atafoka. Alikifungua mwenyewe, gazeti baada ya gazeti. Akapitisha kidole kwenye herufi. Akakaa nacho magotini muda mrefu, lile goti baya na lile zima. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida, mbele ya Mama, mbele yangu, jina lako. Jina lako lote, na la babu. Akasema, "Dada yangu huyu. Tazameni mkono wa dada yangu." Kesho yake akapanda kiti, goti bovu na lote, akakitundika juu ya mlango wa chumba chao. HAKUNA KUINGIA BILA KIBALI. Mama anasema tangu siku hiyo anabisha hodi kwenye chumba chake mwenyewe.

Nilipo ni kituo kidogo, mwendo wa siku nzima kutoka mjini, chumba kimoja, kabati moja, na mafaili ya watu ambao hawajawahi kusafiri. Bahasha za kaki haziji huku. Sitawaona tena kwenye picha, na hilo ndilo linaloniuma. Kwa hiyo rudi kwenye brashi. Hakuna lebo yangu hata moja iliyobaki mle ndani, huna tena wa kumficha. Andika bango refu. Kaka yake mpishi nimemtafuta kabla sijaondoka, nikamwambia ana kwa ana. Aliyoniambia nayaweka mwenyewe.

Bado naogopa. Asubuhi naangalia barabara kabla sijafungua mlango. Lakini nafungua.

Ukitaka kunipata, usitumie saluni, msusi ameanza kuulizwa. Mkabidhi msafiri barua pamoja na nyuzi za kushonea viatu. Azishushe kwa fundi viatu anayekaa ukutani mkabala na kituo chetu, ambacho msafiri anakijua, upande wa kivuli. Ni mzee wa maneno machache, ana kofia ya kijani. Asimtajie jina langu. Aseme ni za karani wa bendeji, fundi atacheka, ndivyo ajue amefika. Aache na viatu vyake vishonwe; jibu langu litakuwa ndani ya soli ya kiatu cha kushoto.

Juu ya bahasha usiandike anwani wala jina. Andika neno lolote upendalo, mradi liwe na K, na uliandike kwa mkono wako. Nitalijua nikiwa ng'ambo ya barabara.